Bustani ya Mboga Katika Miezi ya Baridi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Kamati)



Kamati imetutaka sisi tuliopewa kazi ya uandishi wa Chama tuseme machache juu ya bustani za mboga majumbani, na hasa juu ya kuzitayarisha na kuzipanda kwa ajili ya miezi ya baridi, yaani Juni, Julai na Agosti. Twashukuru kwa heshima hiyo. Twajua, hata hivyo, kwamba shauri hili halikupokewa na wote kwa moyo mmoja. Wako wazee waliouliza hivi: Fedha za Chama ni za kuwasaidia wagonjwa, kuwafariji wafiwa, na kuwasafirisha marehemu wetu hadi makwao, je, yafaa fedha hizo zinunue mbegu za sukuma wiki? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Tutaeleza kwanza kazi yenyewe ilivyo, kisha tutalirudia mwishoni, ili kila mtu apime akiwa na maarifa.

Si jambo geni kwa chama cha ustawi kushughulika na mambo ya uani. Huko Nyanza, kuanzia mwaka 1923, Chama cha Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichoongozwa na Archdeacon Walter Owen, kiliwahimiza wanachama wake wachimbe vyoo, waue panya na wapande miti. Wazee wale walikuwa na mashauri mazito ya kodi na ardhi mbele ya Serikali, lakini hawakuona kwamba choo na panya ni mambo madogo yasiyowastahili.

ARDHI YETU

Nchi hii ya magharibi ya Nairobi, kuanzia Kangemi na Uthiru hadi Kawangware, Riruta, Waithaka na Dagoretti, ilikuwa nchi ya chakula kabla mji haujakuwapo. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alijenga boma Dagoretti, na mwaka 1891 likajengwa jingine karibu na Kabete, lililoitwa Fort Smith. Misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda ilinunua vyakula hapo kwa wenyeji kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaanza kukua ukilishwa na mashamba hayo hayo ya jirani.

Udongo haukuhama. Ni ule ule mwekundu, wenye kina kirefu, unaopitisha maji vizuri, tofauti na udongo mweusi wa upande wa Embakasi, ambao hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Kilichobadilika ni ukubwa wa mahali. Palipokuwa na shamba sasa pana ploti yenye vyumba kumi na viwili na kamba za kuanikia nguo. Wengi wetu twafanya kazi katikati ya mji, maofisini, madukani na malangoni, na jioni twarudi katika chumba cha kupanga. Basi maneno yetu ya leo ni kwa ajili ya mtu mwenye hatua chache tu za ardhi, au asiye nayo kabisa.

HALI YA HEWA

Mtu akiulizwa kwa nini hapandi mboga wakati huu, mara nyingi husingizia baridi. Natuitazame baridi hiyo. Mwezi wa Aprili mvua ya masika kwa kawaida hupita milimita 150. Mwezi wa Julai haifiki 30. Usiku wa Julai joto huteremka karibu na nyuzi 11 za Selsiasi, na mchana huwa kama nyuzi 21 au 22. Mawingu hufunika mji tangu alfajiri hata adhuhuri, na manyunyu huanguka bila kulowesha ardhi sana. Wakikuyu huyaita majira haya gathano.

Hali hiyo yazipendeza mboga za jamii ya kabichi, na sukuma wiki ni mojawapo. Maji hayakauki upesi udongoni, na majani huwa laini na matamu. Lakini yako mambo matatu ya kuangaliwa. Mbegu huchelewa kuota katika udongo wa baridi. Mmea mchanga hukua polepole. Tena unyevu unaokaa juu ya majani huleta ukungu. Kwa hiyo mwenye kuanza na mbegu mwezi wa Julai amekwisha kuchelewa. Bustani ya baridi hutengenezwa wakati wa mvua, kabla baridi haijaingia. Hilo ndilo neno letu kubwa leo, na mengine yote yafuata hapo.

KITALU NA UDONGO

Kitalu kianzishwe katika juma la mwisho la Aprili au la kwanza la Mei. Mbegu zipandwe katika mistari iliyoachana sentimita 15, katika kina cha sentimita 1, kisha zifunikwe kwa nyasi kavu. Zikiisha kuchipua, nyasi ziondolewe, na juu kiwekwe kichanja chepesi cha kuzuia matone mazito ya mvua. Mahali zilipobanana zipunguzwe. Baada ya majuma manne hadi sita miche itakuwa tayari kuhamishwa.

Wakati miche inakua, mwenyewe asikae bure. Mei ndio mwezi wa kulima, maana udongo ungali laini kwa mvua. Palimwe kwa jembe la meno hadi kina cha sentimita 30, na sangari ing'olewe pamoja na mizizi yake yote, kwa kuwa kipande kimoja kikibaki kitarudi na ukoo mzima. Kisha itiwe samadi iliyooza, debe moja kwa kila mita 2 za mraba, ichanganywe na udongo, na mahali paachwe patulie majuma mawili. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huchoma mizizi. Samadi iliyoiva haina harufu kali wala haina joto mtu akiitia mkono.

Asiye na ng'ombe wala jirani mwenye ng'ombe na atengeneze mboji. Maganda ya viazi na ndizi, majani makavu, nyasi na majivu kidogo, vikipangwa kwa tabaka, vikinyunyiziwa maji na kupinduliwa mara kwa mara, vitaoza katika muda wa miezi mitatu hivi. Atakaye mboji ya Mei basi aanze Februari. Na atakaye kujua udongo wake umepungukiwa na nini, maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo yako Kabete, karibu nasi.

Tuta liwe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo, na liinuliwe sentimita 15 au 20 ili maji yasituame.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitambui, nalo ni upande wa jua. Nairobi iko kusini kidogo ya Ikweta. Mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande wetu wa kaskazini, hata saa sita mchana. Kwa hiyo ukuta au nyumba hutupa kivuli upande wa kusini kwa miezi hiyo yote, na mboga iliyopandwa hapo hukaa bila jua wakati ambapo jua lenyewe ni haba. Tuta la baridi na liwe upande wa kaskazini wa nyumba. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka.

KUPANDA

Katika majuma ya kwanza ya Juni miche ihamishwe, jioni au siku ya mawingu. Kitalu kimwagiliwe kwanza ili mizizi itoke na udongo wake. Sukuma wiki iachane sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche. Kabichi vivyo hivyo. Spinachi 45 kwa 30. Baada ya majuma sita hadi manane sukuma wiki huanza kuchumwa. Yachumwe majani ya chini, na ya juu matano au zaidi yaachwe, maana mmea ulionyang'anywa majani yote hauna cha kujilisha.

Karoti hazihamishwi. Mbegu zake zipandwe papo hapo, katika mistari iliyoachana sentimita 30, katika udongo laini usiotiwa samadi karibuni, la sivyo zitagawanyika kama miguu ya kuku. Dania na vitunguu vya majani hupata nafasi pembeni mwa tuta. Katika mboga zetu za asili, mnavu, ambao wengi huuita managu, huvumilia baridi vizuri. Mchicha, mgagani na kunde hupenda joto. Zipandwe mvua za Oktoba zikikaribia. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezifanyia utafiti mboga hizi kwa miaka mingi, akaonyesha wazi kwamba chakula cha bibi zetu kina nguvu kwa mwili. Mboga hizo zilidharauliwa mjini kwa muda mrefu kama chakula cha maskini, na sasa wenye magari huzitafuta sokoni.

Nyanya na viazi twashauri visipandwe kwa miezi hii na mtu mwenye mahali padogo. Baridi na unyevu ndio makao ya ugonjwa wa baka jani, ambao huweza kuangamiza tuta zima kwa siku chache.

ASIYE NA ARDHI

Hapa twasikia jibu la wengi: Sisi ni wapangaji, hatuna mahali. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, vyakula vilipokuwa adimu na ghali, shirika la Solidarités kutoka Ufaransa lilieneza bustani za magunia huko Kibera, na familia nyingi zikapanda mboga mlangoni mwa chumba.

Kazi yake ni hii. Gunia huwekwa wima, na katikati yake kopo la mafuta ya kupikia lililotolewa kitako. Kopo hujazwa kokoto, na pembeni hutiwa udongo uliochanganywa na samadi. Kisha kopo huvutwa juu, kokoto zikabaki, nalo hujazwa tena, mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji kufika chini. Ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu hupata mche. Gunia moja huchukua miche kama 40, nalo halihitaji zaidi ya nafasi ya kiti.

Mpangaji na aombe ruhusa kwa mwenye ploti kabla ya kuanza. Wazee wetu wajua kwa nini. Katika desturi za makabila mengi, kupanda mti katika ardhi ya mtu ni kama kuweka dai, na mwenye ardhi huogopa. Lakini mboga ya miezi mitatu haina dai, na gunia huondoka na mwenyewe siku ya kuhama. Likielezwa hivyo kwa heshima, na fungu la mboga likipelekwa mara moja moja, ni wachache watakaokataa.

Mpangaji na ajue pia kwamba Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, na kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Hata hivyo sheria haimruhusu mtu kulima popote apendapo. Kando ya barabara na kingo za mito si mahali petu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 Serikali iliwaondoa watu wengi kando ya mito, na aliyepanda huko alipoteza mmea pamoja na makao.

MAJI SAFI

Tumefikia neno zito. Kuna mboga zinazouzwa mjini ambazo zimenyweshwa maji machafu, ya mito iliyoharibika na ya mifereji ya choo iliyopasuliwa makusudi. Majani yake hunawiri sana, na mnunuzi hana njia ya kuyatambua kwa macho. Nairobi ilipata kipindupindu mwaka 2015 na tena mwaka 2017. Hatusemi kwamba mboga peke yake ndiyo iliyokileta. Lakini maji ya choo hayana nafasi juu ya chakula cha mtoto, na mwenye bustani yake ajua alichoinywesha.

Kando ya barabara kuna hatari nyingine. Petroli yenye madini ya risasi iliachwa katika nchi zetu mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi iliyoanguka udongoni kwa miaka mingi haiozi. Udongo wa kujaza magunia usichotwe ukingoni mwa barabara kuu, wala karibu na gereji, wala palipochomwa takataka.

Maji ya mfereji nayo hayategemeki siku zote. Mwaka 2017 bwawa la Ndakaini lilipopungua, mji mzima uligawiwa maji kwa zamu. Kwa hiyo tukinge mvua ya Aprili na Mei kutoka mabati ya nyumba, katika pipa lenye kifuniko. Maji yaliyooshea mchele na mboga yafaa sana. Ya sabuni nyingi yasitumike. Katika miezi ya baridi kumwagilia mara mbili au tatu kwa juma hutosha tuta. Gunia, kwa kuwa hukauka upesi zaidi, laweza kuhitaji maji kila siku ya pili. Mtu atie kidole udongoni: kikitoka na unyevu, angoje.

Maji yamwagwe asubuhi, tena udongoni, si juu ya majani. Anayemwagilia jioni huyalaza majani yakiwa mabichi katika baridi ya usiku, na ukungu humshukuru. Vidukari wakionekana chini ya majani, waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, na jani lililojaa liondolewe. Konokono waokotwe alfajiri. Mtu akilazimika kutumia dawa ya dukani, na asome karatasi yake, ahesabu siku zilizoagizwa kabla ya kuchuma, asizipunguze hata moja.

JIBU LETU KWA WAZEE

Sasa twalirudia swali la wazee wetu. Hatusemi kwamba bustani italisha nyumba yote. Unga na maharagwe bado vitanunuliwa. Hesabu yetu ni ndogo. Miche 20 ya sukuma wiki, kila mmoja ukitoa majani mawili kwa juma, ni majani 40. Kwa nyumba ya watu watano hayo ni mboga ya siku mbili. Siku mbili katika saba, tangu mwisho wa Julai hadi Oktoba, ni fedha zinazobaki mfukoni wakati wa karo ya shule. Aliye na gunia lililojaa huongeza siku nyingine mbili.

Wazee wetu, Chama hiki kina sifa njema. Hakuna mwanachama aliyelala katika chumba cha maiti akasahauliwa. Lakini natujiulize: Jirani yetu hutuona lini tukikusanyika? Hutuona siku ya msiba. Mjane hupokea mchango wetu siku ya mazishi, kisha mwezi wa tatu baada yake hatujui watoto wake wamekula nini. Msaada wetu hufika baada ya jambo, kama mtu apandaye Julai. Bustani hutufunza msaada unaotangulia, ulio tayari ardhini kabla baridi haijafika.

Basi twatoa shauri hili mbele ya Mkutano, lipimwe. Kwanza, mfuko wa mazishi usiguswe hata senti moja. Mbegu zinunuliwe kwa mchango wa peke yake, wa hiari, nazo zinunuliwe kwa pamoja katika maduka ya mbegu ya Kijabe Street, ambapo pakiti kubwa huwa nafuu kuliko ndogo nyingi. Pili, kiwepo kitalu kimoja cha Chama, katika uwanja wa mwanachama atakayekubali, kianze Aprili ijayo. Tatu, miche ya kwanza iende kwa wajane, kwa wagonjwa, na kwa wale waliopoteza kazi mwaka huu, ndipo wengine tugawane. Nne, kila atakayepokea miche arudishe debe moja la samadi au siku moja ya kazi kitaluni, ili pasiwe na mtu wa kupokea tu. Tano, akina mama, ambao ndio wenye maarifa ya kazi hii kuliko sisi wa kalamu, wachague wawili wa kuisimamia, na sauti yao iwe ya mwisho katika mambo ya kitalu.

Na wazee wetu twawaomba jambo moja lisilo la fedha. Vijana wengi wa Chama wamezaliwa hapa mjini. Wajua bei ya mnavu, hawajui mbegu yake. Ninyi mwaijua. Siku moja ya Jumamosi mwezi wa Mei, kila mzee akija kitaluni awaonyeshe vijana kuchambua mbegu na kuonja udongo kwa vidole, atakuwa amekipa Chama mchango usioandikika katika kitabu chetu cha hesabu.

 Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu, na baridi ijayo itukute tumekwisha panda.